Ada ya Dharura: Ni Nani Analipa, na Ni Nani Analinda?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujitegemea, semina ya siku moja katika ukumbi wa parokia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vitatu vimelileta ofisini kwetu tangu mavuno yaliyopita. Swali lenyewe ni hili. Tukitaka kuwa na simu ya dharura katika kijiji, yenye mtu wa kuipokea usiku na gari la kumpeleka mgonjwa hospitalini, pesa zitoke wapi? Kikundi kimoja cha maji kimependekeza kwamba kila nyumba inayolipa bili ya maji iongezewe shilingi 20 kwa mwezi, na hizo 20 ziwe za dharura peke yake. Wengine wakasema ni wazo zuri. Wengine wakasema, "Hiyo si ni kodi nyingine tu!" Mzee mmoja akauliza, "Na asiyelipa tumwache afe?" Mkutano ukaisha bila jibu.

Hatutaki kuwajibu haraka. Kuna watu waliotangulia katika njia hii hii ya kuongeza kidogo juu ya bili, na wameipita kwa zaidi ya miaka arobaini. Mahali pengine walifaulu na mahali pengine walijikwaa vibaya. Tuwaangalie wao kwanza, halafu turudi nyumbani.

Namba ya 999 mnaijua. Tuliirithi kutoka Uingereza. Huko ilianza London mwaka 1937, na ilianza kwa uchungu. Mwaka 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole Street na wanawake watano wakafa. Jirani alikuwa ameshika simu akijaribu kuwaita wazima moto, lakini simu yake iliwekwa kwenye foleni pamoja na simu za watu wa salamu na biashara. Baada ya hapo ndipo ilipoonekana kwamba simu ya dharura lazima iwe na mlango wake.

Marekani walichelewa. Simu yao ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama. Si New York, si Chicago. Ni mji mdogo tu, wenye kampuni ndogo ya simu iliyotaka kuwa ya kwanza, na simu ikapokelewa katika kituo cha polisi. Tunapenda kuwakumbusha watu jambo hilo wanapotuambia ati mambo haya ni ya miji mikubwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Namba ilikuja, lakini pesa hazikuja pamoja na namba. Serikali kuu ya Marekani haikusema, "Sisi tutawalipa watu wa kupokea simu." Kila kaunti na kila jimbo lilijitafutia. Mtu wa kupokea simu usiku anataka mshahara. Mitambo inataka kununuliwa, na ramani zinataka kutengenezwa ili anayepokea ajue simu inatoka wapi. Basi wakaona njia rahisi. Kampuni ya simu tayari ina orodha ya wateja wote, tayari inawatumia bili kila mwezi. Iongezwe ada ndogo juu ya bili ya kila laini, kampuni iikusanye na kuipeleka kwa kaunti au kwa jimbo. Hakuna mtu wa kuzunguka na daftari nyumba kwa nyumba.

Nyinyi wenye stima nyumbani mnajua jambo linalofanana na hilo. Ukinunua tokeni, angalia ule ujumbe vizuri. Kuna pesa zimekatwa kwa jina la REP, asilimia 5, za kupeleka umeme vijijini. Hukuulizwa, hukutumiwa mtu wa kukudai, zimekatwa tu. Ndiyo njia yenyewe. Ni njia nzuri kwa sababu haichoshi mtu. Na ni njia ya hatari kwa sababu hiyo hiyo: kitu kisichochosha hakikumbukwi, na pesa isiyokumbukwa na mwenyewe hukumbukwa na mwingine.

Kiasi hakifanani kila mahali huko. Arizona wanatoza senti 20 za dola kwa mwezi. New Jersey waliweka senti 90 mwaka 2004. Mji wa Chicago ulipandisha hadi dola 5 mwaka 2018. Missouri wananchi waliulizwa kwa kura mwaka 1999 na tena mwaka 2002 kama simu za mkononi zitozwe ada hiyo, na mara zote mbili wakakataa. Ilikuwa mwaka 2018 ndipo sheria ikaruhusu kila kaunti iwaulize watu wake yenyewe. Hatusemi wale waliokataa walikuwa wajinga. Mtu anayeombwa pesa ana haki ya kusema hapana, na mwenyekiti anayeogopa kura asiombe pesa.

Kuna jambo lingine walilolipata kwa taabu. Mwanzoni ada ilikuwa juu ya simu za waya. Simu za mkononi zikaja, watu wakaanza kukata zile za waya, na mfuko ukaanza kunywea wakati watu wanaoita msaada wanazidi. Ikabidi sheria zibadilishwe ili simu za mkononi nazo zilipe, na hata anayenunua muda wa maongezi dukani akatwe pale pale kwenye kaunta. Sasa fikirini kile kikundi chetu cha maji. Mvua za masika zikinyesha, nusu ya kijiji inakinga maji ya mabati. Bili zitashuka. Je, watu wataacha kuugua kwa sababu mvua imenyesha? Hata wataugua zaidi, na barabara itakuwa matope. Kwa hivyo shauri letu ni kwamba ada ihesabiwe kwa nyumba kwa mwaka, isihesabiwe kwa mitungi iliyochotwa. Inaweza kulipwa kidogo kidogo, lakini hesabu iwe ya mwaka.

Na lile swali la mzee, asiyelipa afanyweje? Huko Marekani sheria inataka kampuni za simu zipitishe simu ya 911 hata kama simu ile ya mkononi haina mkataba na kampuni yoyote. Anayepokea haulizi, "Je, umelipa ada?" Anauliza, "Uko wapi, kuna nini?" Sisi tunaona hapo hawakukosea. Ada ni ya kuendesha huduma, si tikiti ya kuingilia. Kama nyumba haijalipa, hilo ni jambo la kamati kesho yake asubuhi, siyo la usiku ule. Tunajua wengine hamtakubali, kwa sababu mnawajua majirani ambao hawalipi chochote mpaka washikwe. Sisi pia tunawajua.

Sasa tufike mahali pa kujikwaa.

Mwaka 2008 bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba kila mwaka tume yao ya mawasiliano itoe ripoti: kila jimbo limekusanya kiasi gani cha ada ya 911, na limekitumia kwa nini. Kwa nini walihitaji ripoti? Kwa sababu ilijulikana kwamba majimbo mengine yanakusanya pesa kwa jina la simu ya dharura na kuziba nazo mashimo mengine. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha zaidi ya dola bilioni 3 zilikusanywa nchi nzima. Nyingi zilifika zilikotakiwa. Lakini majimbo matano, yakiwa ni New York, New Jersey, Rhode Island, West Virginia na Nevada, yalitajwa kwamba yamepeleka sehemu kwingine, jumla yake karibu dola milioni 200.

Tusikilizane hapa. Hizo pesa hazikuibwa. Hakuna aliyezitia mfukoni. Zilipitishwa mchana kweupe, nyingine zikaingia katika hazina kuu, zikalipia mambo ya serikali ambayo pengine yalikuwa mazuri. Ila mwananchi alikuwa ameandikiwa kwenye bili yake kwamba anachangia simu ya dharura.

Rhode Island ni jimbo dogo kuliko yote Marekani. Sehemu kubwa ya ada yao ilikuwa ikiingia hazina kuu. Kisha waandishi wa habari wakachimba na kuandika kwamba wapokeaji wa simu za 911 katika jimbo hilo hawakuwa wamefundishwa kumwelekeza mtu kwa simu jinsi ya kubonyeza kifua cha mgonjwa ambaye moyo wake umesimama, wakati gari la wagonjwa bado liko njiani. Mafunzo hayo si ghali yakilinganishwa na zile pesa. Mwaka 2019 jimbo likaigawa ada: senti 50 kwa kila laini zikawekwa katika akaunti yake ya simu za dharura, na zilizobaki zikapewa jina jingine ili mtu asidanganywe na bili yake. Iliwabidi kwanza waaibishwe.

Tungeweza kuwacheka. Lakini tuna hadithi yetu, na tumekubaliana ofisini tuiseme leo bila kutaja kikundi.

Miaka kadhaa iliyopita tulisaidia kikundi kimoja kuanzisha sanduku la dharura. Kila mwanachama alitoa shilingi 10 kila mkutano, kwa ajili ya kukodi gari usiku. Mwaka wa kwanza halikuguswa hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Pesa ikikaa muda mrefu bila kutumika huanza kuonekana kama imelala. Mtu akasema, "Tununue viti na hema, tukodishe kwa harusi na matanga, pesa izae." Kamati ikakubali, kumbukumbu za mkutano zikaandikwa, sahihi zikawekwa. Viti vilinunuliwa. Sisi wenyewe tulialikwa siku ya kuvizindua, tukahutubia, tukapiga makofi, na tukawataja kama mfano mwema kwa vikundi vingine.

Baada ya wiki chache mama mmoja kijana alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya. Mume wake akaenda kwa mweka hazina. Sanduku lilikuwa na shilingi 340. Mwenye gari alitaka 2,500, na kabla ya kuwasha injini. Wakazunguka kwa majirani mpaka alfajiri. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Hakuna aliyeiba, na mweka hazina yule ni mtu mwaminifu kuliko wengi tunaowajua. Viti vilikuwepo, vimepangwa vizuri stoo, 60 kwa hesabu. Vilitumika katika mazishi ya yule mtoto, bila malipo. Tangu siku hiyo hatupigi makofi mpaka tuulize pesa zimetoka katika sanduku gani.

Basi kuhusu hizi shilingi 20. Nyumba ni 140, kwa hivyo ni 2,800 kwa mwezi kama wote watalipa. Wakilipa 100 tu, ni 2,000, na haitoshi hata safari moja ya gari. Tunasema hivyo ili mtu asidhani ni mlima wa pesa. Tunashauri miezi sita ya kwanza zikusanywe tu, pasiwe na ahadi ya gari, na watu waambiwe hivyo wazi. Zikae katika akaunti yake yenyewe, isiyo ya kikundi cha maji, yenye watia sahihi watatu ambao mmoja wao si mwanakamati. Kwenye risiti ya maji ziandikwe mstari wa peke yake: maji kiasi hiki, dharura kiasi hiki. Tunasisitiza huo mstari. Risiti isiyotenganisha ndiyo mwanzo wa viti.

Na katika katiba msiandike "kwa ajili ya dharura na maendeleo ya kikundi". Hilo neno maendeleo litakula kila kitu. Andikeni gari la mgonjwa, kredi ya simu, posho ya anayeshika simu usiku, basi. Atakayetaka kulibadilisha alete jambo hilo katika mkutano mkuu wa wote wanaolipa, siyo katika kamati. Salio lisomwe kwa sauti kila mwezi hata kama halijabadilika. Watu watachoka kulisikia, na wachoke tu.

Kazi ya kushika simu usiku bado haijapata mtu. Kikundi kinasema vijana. Vijana wanasema posho. Tunaona wana haki, kwa sababu hata Marekani sehemu kubwa ya gharama ni watu wa kupokea. Simu bila mtu aliye macho ni chuma tu.

Maswali tutayachukua baada ya chai. Kabla ya hapo tunaomba mweka hazina wa kila kikundi achukue karatasi pale mezani, aandike salio la sanduku lake la dharura kama lilivyo leo asubuhi, siyo kama linavyotakiwa kuwa. Msiandike majina.