Ng'ombe wa Kakamega katika Ripoti za Gesi Joto: Mapitio ya Kitaalamu na Pengo la Takwimu



Nimeombwa nizungumzie mapitio ya kitaalamu ya ripoti za gesi joto. Ya utangulizi mnayajua, kwa hiyo nitayapitia mbio. Gesi zinazotuhusu ni kaboni dioksaidi, methani na oksidi ya nitrasi. Mkataba wa Paris, kifungu cha 13, unaitaka kila nchi itoe ripoti kila miaka miwili, na zile za kwanza zilitakiwa kabla ya 2024 kwisha. Kenya iliahidi mwaka 2020 kwamba kufikia 2030 itakuwa imepunguza asilimia 32 ya tani milioni 143 ambazo ingezitoa kama isingechukua hatua yoyote. Rasimu ya ripoti husomwa na wataalamu ambao hawakuiandika; wao hutoa maoni, na waandishi huyajibu. Ripoti ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) kuhusu njia za kupunguza gesi, iliyotoka Aprili 2022, ilipata maoni zaidi ya 59,000.

Sasa nije kwa ng'ombe.

Kilimo na ufugaji ndio chanzo kikuu cha gesi joto nchini, na sehemu kubwa yake ni methani anayoitoa ng'ombe anapocheua. Kwa kuwa hatuwezi kumpima kila mmoja, idadi ya ng'ombe huzidishwa kwa kiwango kilichokubaliwa cha gesi ya ng'ombe mmoja kwa mwaka. Kiwango hicho ndicho nilichokipigania kwa miaka mingi.

Mwongozo wa IPCC wa 2006 ulimpa ng'ombe wa maziwa wa Afrika kilo 46 za methani kwa mwaka, na ng'ombe wengine kilo 31. Marekebisho ya 2019 yakazipandisha hadi 76 na 52. Katika muda huohuo, watafiti waliwafuata ng'ombe wa wakulima wadogo katika bonde la Nyando, jirani zetu kabisa, wakawapima uzito na kuchunguza malisho yao msimu kwa msimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: ng'ombe jike mzima hutoa kilo 28 hivi. Kanuni ya kawaida hudhani mnyama anakula akashiba. Lakini mfugaji wa Shinyalu, hapa Kakamega, anajua hali ilivyo Februari, mabua ya mahindi yakishakwisha: ng'ombe hukonda, na anayekula kidogo hutoa methani kidogo.

Sisemi tuichukue hiyo 28 tuibandike hapa. Mvua yetu ni nyingi kuliko ya Nyando, mashamba yamebanana, na majani ya nepia yamejaa kando ya mipaka. Wala sitafuti tarakimu ndogo ili tupumue. Natafuta tarakimu ya kweli, iwe juu au chini.

Jambo hili linagusa sera moja kwa moja. Kiwango kikiwa kimefungwa, njia pekee ya kupunguza methani kwenye karatasi ni kupunguza ng'ombe. Mama wa Lurambi aliyepanda desmodiamu, akaboresha malisho, akapata maziwa zaidi kwa kila kilo ya methani, juhudi zake hazionekani popote katika ripoti. Hata pesa za kusaidia kazi kama yake hazina hesabu ya kuegemea. Serikali ilipiga hatua mwaka 2020 ilipotoa hesabu ya kina ya ng'ombe wa maziwa ya 1995 hadi 2017, nayo inastahili pongezi. Lakini hesabu hiyo ilihusu ng'ombe wa maziwa tu; zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji, hakuguswa.

Nimeyaandika haya katika maoni yangu kwa rasimu moja baada ya nyingine. Jibu huja kwa adabu: maoni yamepokelewa, ila hayana takwimu zilizochapishwa za eneo husika. Kwa taratibu za mapitio, jibu hilo ni halali, na waandishi hufanya kazi kwa muda mfupi. Lakini linachosha. Takwimu hazipo kwa sababu hakuna anayelipwa kuzikusanya, na hakuna anayelipa kwa sababu jedwali la kigeni la viwango lipo.

Napendekeza, kwanza, kila wadi ipewe tepi za kupimia kifua cha ng'ombe ili kukadiria uzito, na vipimo vichukuliwe siku za chanjo, ng'ombe wakiwa tayari wamekusanyika. Pili, jinsia na umri viandikwe, maana idadi tupu haitoshi. Tatu, vipimo virudiwe kiangazi na masika. Nne, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wavichambue na kuvichapisha. Visipochapishwa, mhakiki hana cha kushika. Tano, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, kifungu cha 19, inaitaka kaunti ipeleke ripoti kwa Bunge la Kaunti kila mwaka wa fedha. Jedwali la ng'ombe liwemo. Sita, wataalamu wa kaunti wajiandikishe kuhakiki rasimu za IPCC, kwani nafasi iko wazi kwa yeyote mwenye ujuzi. Saba, narudia, uzito upimwe.

Maafisa wa mifugo wa wadi mlioko hapa, nawaomba msisubiri waraka kutoka Nairobi. Anzeni na chanjo ijayo.