Rubani naye hupigwa chini

Ndugu zangu vijana wa Dunda na Magomeni, mnaotazama ndege zikipita juu ya Bagamoyo na kudhani kila aliyemo ameukata, nisikilizeni.

Mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya. Wafanyakazi wake, rubani kwa mpakua mizigo, wakabaki na madai mkononi. Mwaka 1984 nchi 3 zikagawana mali na madeni, kila Serikali ikakubali kulipa wazee wake. Wa Tanzania wakaambulia nini? Mwaka 2005 ndipo walipotiliana mkataba na Serikali mahakamani. Miaka 28! Wengine walishazikwa, waliobaki wakaendelea kuandamana wakidai mapunjo.

Ikaja Air Tanzania. Mwaka 2002 asilimia 49 wakauziwa South African Airways. Mwaka 2006 tukazirudisha. Desemba 2008 shirika likanyang'anywa cheti cha kurusha ndege. Aliyeuza na aliyenunua walikaa mezani. Je, rubani aliitwa?

Msimcheke. Asiporuka na kutua mara 3 ndani ya siku 90, haruhusiwi kubeba abiria mpaka ajinoe upya. Likizo bila malipo humla mshahara na ujuzi pia.

Basi wewe unayekwenda kuajiriwa Dar, bandarini au kiwandani, dai mkataba wa maandishi. Hakikisha makato yako yanafika kwenye mfuko wa pensheni kila mwezi. Uliza leo, ndege ikiwa bado angani. Ikishaanguka, utauliza miaka 28.