Dubu mwenye kifungo sikioni



Siku ya soko hapa Kisesa, kando ya barabara kuu iendayo Musoma, utaona turubai limetandikwa chini na juu yake rundo la midoli ya manyoya: dubu, sungura, tembo, na mbwa aliyepoteza jicho moja. Imetoka kwenye mabelo ya mitumba, na bei yake ni ile ya kumnyamazisha mtoto anayelia mgongoni.

Yako maneno mitaani kwamba ndani ya rundo hilo imo mali, na kwamba Wazungu hulipa fedha nyingi kwa mdoli mmoja tu. Maneno hayo yana ukweli, lakini ni ukweli mwembamba. Mchuuzi asipoujua vizuri, mtaji utakwenda na maji.

Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt wa Marekani, akiwa mawindoni, alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini. Dubu wa kuchezea wakapewa jina lake la utani, Teddy. Ndiye Roosevelt yule aliyevuka Ziwa letu kutoka Kisumu hadi Entebbe mwaka 1909, ingawa wanyama wa huku hawakuionja huruma ile.

Mwaka huo huo wa 1902, kiwanda cha Bibi Margarete Steiff, mjini Giengen, Ujerumani, kilibuni dubu mwenye mikono na miguu ya kuzunguka. Kuanzia mwaka 1904 kikawa kinabana kifungo cha chuma kwenye sikio la kushoto. Mwaka 1994, dubu mmoja wa kiwanda hicho aliuzwa mnadani London kwa pauni 110,000.

Basi, wewe unayefungua belo, shika kwanza sikio la kushoto. Dubu wa kale ni mgumu mkononi, maana amejazwa nyuzi za mbao, na macho yake huwa ya vifungo vya viatu au ya kioo. Ukimpata, usimfue wala usimshone. Mnunuzi wake anautaka ukale ule ule.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwaka 1993 kampuni ya Ty ya Marekani ilitoa midoli midogo iliyojazwa punje za plastiki, ikaiita Beanie Babies. Kila ilipotangaza kwamba aina fulani haitatengenezwa tena, watu waligombania kuinunua na kuiweka kama akiba ya uzeeni. Mwaka 1999, mume na mke waliotalikiana huko Las Vegas waligawana midoli yao mmoja mmoja, wamechuchumaa sakafuni mbele ya hakimu! Baadaye bei ikaporomoka. Leo mingi ya midoli hiyo ni ya dola chache tu. Michache ya mwanzo ndiyo yenye thamani, tena iwe na lebo nyekundu ya umbo la moyo sikioni. Na lebo hiyo ndiyo mtoto anayoing'oa kwanza.

Kijana atakuonyesha kwenye simu mdoli kama wako umeandikiwa maelfu ya dola. Muulize: hiyo ni bei anayoomba muuzaji, au ni fedha iliyokwisha kulipwa? Kuomba hakuna kodi. Hata mimi naweza kuandika milioni kumi juu ya kandambili zangu. Tafuta bei za vitu vilivyokwisha kuuzwa, kisha utoe gharama ya kumsafirisha dubu huyo hadi Ulaya.

Kwa hiyo, akija mtu kukuuzia belo la midoli kwa bei ya juu kwa madai kwamba ndani mna bahati, mwulize kwa nini bahati hiyo hakuifungua yeye. Piga hesabu ya belo kwa bei ya watoto wa Kisesa na wa Mlango Mmoja. Ikilipa hapo, nunua. Dubu mwenye kifungo akitokea, mshukuru Mungu, lakini usimkopee fedha za kikoba kabla hujamwona.

Wahenga wa biashara walisema: mali bila daftari, huisha bila habari.

Hadi juma lijalo, kwaherini.