Maji Yaliyo Chini ya Mchanga

Somo: 2 Wafalme 3:9-20, Yakobo 1:5-8

Popote ulipo asubuhi hii, iwe umeketi jikoni ukingoja chai, au uko njiani na punda na mitungi ya maji, twakuomba utupe dakika chache tulitafakari neno la Mungu pamoja.

Sisi wenyeji wa Kitui na Makueni twajua kungoja. Mvua zetu ni mbili kwa mwaka, na ile tunayoitegemea zaidi ni ya Oktoba hadi Desemba. Hiyo ikikosa, nyumba nyingi hulia. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana katika sehemu kavu za nchi yetu bila mvua ya kutosha. Watu wengi walipiga magoti wakati ule, na wengi waliuliza mioyoni mwao: Je, Mungu anatusikia? Leo twataka kusema juu ya swali hilo, yaani kumtumaini Mungu na kutafuta hekima yake wakati macho yetu hayaoni njia.

Zamani, mwaka 1851, mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuja Ukambani mara ya pili. Alikuwa amefika Kitui mwaka 1849, akakaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba. Safari hii ya pili walikuwa wakielekea mto Tana, wakashambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi akauawa, na watu wake wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, basi akayatia katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki. Maji hayo yakamwishia njiani. Kisha akasikia sauti za nyani, akawaza kwamba walipo nyani hapakosi maji. Akaufuata mkondo mkavu, akakuta mahali ambapo nyani walikuwa wamefukua mchanga, na humo mlikuwa na maji. Akanywa, akamshukuru Mungu.

Ndugu msikilizaji, angalia jambo hili. Mungu hakumpasulia Krapf mwamba wala hakumletea wingu. Maji yalikuwapo tangu mwanzo, chini ya mchanga. Alichopewa ni sikio la kusikia, akili ya kuelewa, na unyenyekevu wa kukubali kufundishwa na nyani.

Mama zetu wajua habari hiyo vizuri. Wameinama katika mchanga wa Tiva, Kaiti na Thwake miaka mingi, wakichota maji kwa kibuyu. Na siku hizi kazi hiyo imeongezwa maarifa. Watu hukusanyika kwa mwethya, hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukatiza mto wa msimu. Mafuriko yakija, udongo mwepesi huruka ukuta na kwenda zake, bali mchanga mzito hubaki. Katikati ya chembe za mchanga huo maji hukaa, hata kufikia kama asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliyafikii kwa urahisi, wala mbu hawazaliani humo. Shirika la SASOL la Kitui, likishirikiana na wanavijiji, limejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo.

Lakini fikiri: ukuta huo hujengwa lini? Hujengwa wakati wa kiangazi, mto ukiwa mkavu kabisa. Mpita njia aweza kucheka na kusema, "Hawa wanaziba nini, na hapa hapana maji?" Naam, hiyo ndiyo imani. Tena huenda ukangoja misimu kadhaa kabla mchanga haujajaa.

Hata katika Biblia jambo kama hilo lilitokea. Wafalme watatu walikwenda vitani, na baada ya mwendo wa siku saba hapakuwa na maji ya jeshi wala ya wanyama. Mfalme wa Israeli alikata tamaa. Yehoshafati yeye akauliza kama yuko nabii wa Bwana. Elisha akawaambia wachimbe mahandaki bondeni. Aliwaonya kwamba hawataona upepo wala mvua, lakini bonde litajaa maji. Wakachimba katika ardhi kavu, na asubuhi maji yakaja. Kama wangalikataa kuchimba, maji yangalipita mbele ya macho yao na kwenda zake.

Hapa twataka kukiri jambo la nyumbani kwetu. Mwaka mmoja wa ukame tulibakiwa na debe moja tu la mbegu: kunde, mtama na mahindi kidogo. Oktoba ilikuwa inakwisha na mbingu zilikuwa kama bati. Watoto walikuwa wamelala kwa uji mwepesi siku tatu. Tukaulizana usiku: Tule mbegu hizi, au tuzipande? Tukizila, msimu umekwisha. Tukizipanda na mvua isije, tumezika chakula cha watoto. Tuliomba mpaka jogoo akawika, wala hatukusikia sauti yoyote.

Asubuhi alikuja jirani yetu, mama mzee, kuomba moto. Twasema kwa aibu kwamba tulikuwa tumezoea kumdharau, kwa kuwa hakujua kusoma, nasi tulikuwa wasomaji wa kanisa. Akaliona lile debe, akatuona nyuso zetu, akasema, "Wanangu, mahindi yapikeni, watoto wale. Mtama na kunde pandeni leo, hapo chini ya matuta maji yanapotuama. Msilipande shamba lote." Akachukua moto wake akaenda.

Tulifanya hivyo. Mvua ilikuja kwa kuchelewa, tena ikanyesha siku chache tu. Waliopanda mahindi matupu hawakuvuna. Sisi hatukujaza ghala, la hasha. Lakini tulipata kunde na mtama wa kutuvusha, na mbegu ya msimu uliofuata. Ndipo tulipoelewa kwamba Mungu alikuwa amejibu, ila jibu lake lilipita kwa mtu ambaye hatukumtazamia. Tena tuliona kosa letu: siku zote tulikuwa tukimwomba mvua, lakini hekima ya kuitumia mvua kidogo hatukuwa tumeiomba.

Mtume Yakobo atufundisha kwamba aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu, ambaye huwapa wote kwa ukarimu bila kuwakemea. Lakini aombe kwa imani, asiwe kama wimbi linalosukumwa na upepo. Mtu wa nia mbili ni yule anayeomba kanisani asubuhi, na jioni huenda kwa mganga kisirisiri. Au yule anayemfuata kila mhubiri anayeuza maombi kwa fedha. Hekima ya Mungu haiuzwi.

Wala tusiweke tumaini letu katika mfuko. Wazee wa Ukambani waliipa njaa moja ya miaka ya 1980 jina la Nikw'a Ngwete, maana yake, nafa nami ninazo mkononi. Fedha ilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo. Jina hilo ni mahubiri tosha.

Basi, ndugu yangu, huenda leo mto wako ni mkavu. Karo ya mtoto imekosekana, au ndoa imeingia ukimya, au daktari amekupa habari nzito. Hatukuahidi kwamba kila ombi litajibiwa upendavyo. Peter Cameron Scott alifika Nzaui, Makueni, mwaka 1895 kuanzisha kazi ya Injili, na Desemba 1896 alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Hakuona mavuno. Lakini ukuta alioujenga ulisimama, na wengi wamekunywa hapo tangu siku hizo.

Wiki hii twakuomba ufanye mambo matatu. Mwombe Mungu hekima kwa jambo moja, ulitaje kwa jina lake. Halafu msikilize mtu mmoja uliyezoea kumdharau. Kisha fanya ile kazi ndogo iliyo mbele yako, hata kama hakuna wingu: chimba handaki lako, beba jiwe lako.

Na tuombe. Ee Baba yetu wa mbinguni, twakiri kwamba macho yetu hutazama mawingu kuliko kukutazama wewe. Utupe hekima itokayo kwako. Uwakumbuke mama walio njiani na mitungi, na wote waliolala njaa usiku huu. Utufundishe kuchimba tukikutumaini. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.