Jina la Mwalimu Lisizikwe Pamoja Naye

Maneno yaliyosemwa Nyawera, Bukavu, mbele ya wafanyakazi wa migodi na wenyeji wa mji



Leo hatusemi habari za vyeo wala za wakubwa. Tunasema habari ya mwalimu.

Kila anayeweza kusoma gazeti hili alifundishwa na mtu. Kila anayeweza kupima dhahabu yake mwenyewe asidanganywe kwenye mizani, alifundishwa hesabu na mtu. Na mtu huyo akifa tunafanya nini? Tunachanga pesa, tunanunua sanduku, tunasema maneno mazuri kaburini, tunarudi nyumbani. Mwezi ukipita, jina limekwisha. Na siku ileile mtoto wa jirani anafukuzwa masomoni sababu baba yake hakupata minervali.

Wandugu, pesa za kumheshimu mwalimu tunazo. Lakini tunazipeleka mahali ambapo hazizai.

Kumbukeni tulikotoka. Tarehe 30 Juni 1960 inchi yetu ilipata uhuru, na Wakongo wenye shahada ya universite hawakufika 30 katika inchi kubwa namna hii. Haikuwa sababu ya upungufu wa akili. Wakoloni waliwafundisha wengi kusoma kidogo, wapate karani na fundi, kisha wakafunga mlango wa juu. Inchi ikapata bendera kabla ya kupata waganga, wahandisi na mahakimu wake. Hasara ile tumeilipa miaka mingi.

Tazameni migodi pia. Kampuni MGL ilianzishwa 1923 ikachimba dhahabu ya Kivu. Mwaka 1976 ikaingia katika SOMINKI, na SOMINKI ikavunjwa 1997. Dhahabu ilikwenda, mashimo yakabaki. Mtoto wa mchimbaji asiyesoma anarithi shimo la baba yake. Mtoto aliyesoma anaweza kuusoma mkataba na kuuliza: kodi ya dhahabu hii inakwenda wapi?

Sasa sikieni habari ya kweli kutoka Kenya, kwa jirani.

Mtoto mmoja wa mashamba, Chris Mburu, alikuwa na akili lakini wazazi wake hawakuweza kumlipia sekondari. Katika inchi ya Sweden alikuwako mwanamke mmoja, Hilde Back, mwalimu wa watoto wadogo. Hakuwa tajiri. Yeye mwenyewe alizaliwa Ujerumani 1922, Myahudi, na sheria za Hitler zilimfungia masomo. Alikimbilia Sweden, na wazazi wake walikufa katika kambi za wauaji wale. Mwalimu huyu alituma pesa kidogo, kama dola 15 kwa kila muhula, kwa mtoto ambaye hakumjua kwa macho. Mburu akasoma, akawa mwanasheria, akafika universite ya Harvard kule Marekani, akafanya kazi ya haki za watu katika Umoja wa Mataifa.

Mburu hakumjengea mwalimu yule sanamu. Mwaka 2001 alianzisha mfuko wa kulipia watoto maskini wenye akili sekondari, akaupa jina la Hilde Back. Bibi yule alikwenda Kenya akaona kwa macho yake watoto wanaosomeshwa kwa jina lake. Alikufa 2021, akiwa na miaka 98. Hakuzaa mtoto Kenya, lakini ameacha huko watoto wengi.

Tanzania nao walifanya hivyo. Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, na hata alipokuwa Rais watu walimwita Mwalimu. Mwaka 2009 Benki Kuu ya inchi ile ilianzisha mfuko wa masomo kwa jina lake.

Mtu atasema: wao wana benki, sisi tuna nini? Sisi tuna likelemba! Watu 50 wakitoa kila mmoja franka 1,000 kwa juma, ni franka 50,000. Kwa mwaka wa majuma 52 ni franka 2,600,000. Pesa hizo zinatoka katika mifuko yetu leo, zinaishia katika chupa.

Lakini likelemba ikikosa sheria inakufa, na mfuko wa masomo utakufa vilevile. Basi tushike mambo manne.

Kwanza, tuchague jina la mwalimu aliyefanya kazi kweli: asiyeuza pointi, asiyeharibu binti wa watu. Kama yuko hai, vizuri zaidi, asikie heshima yake kwa masikio.

Pili, mtoto achaguliwe kwa matokeo yake na kwa umaskini wa nyumba yake, si kwa kabila, wala kwa kadi ya chama. Ndiyo, hata chama chetu! Mtoto wa mshika-pesa asiingie. Na wasichana wahesabiwe sawa, sababu wao ndio wa kwanza kuondolewa masomoni.

Tatu, minervali ilipwe moja kwa moja masomoni, risiti ionekane.

Nne, watu watatu washike pesa, mmoja wao awe mama, na kitabu cha hesabu kisomwe kwa sauti mbele ya wote kila miezi mitatu. Anayeogopa kusoma kitabu, aondoke.

Najua kuna neno moja linalowauma walimu walio hapa. Wanasema: mtaheshimu jina la mwalimu, na tumbo lake je? Wana haki. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mshahara wa walimu, serikali ikiangalia. Septemba 2019 serikali ilianza masomo ya msingi bila malipo. Ni jambo jema, lakini madarasa yalijaa kupita kiasi, na sekondari bado inalipwa. Mfuko wetu si mshahara wa mwalimu, wala usiwe kisingizio cha mkubwa yeyote kukaa kimya. Mshahara ni deni la serikali, tutaudai. Minervali ya yatima wa mchimbaji ni deni letu, tulilipe.

Basi, kila avenue ikae juma hili, itaje mwalimu mmoja, ichague watu watatu, inunue kitabu kimoja. Muhula unaokuja, mtoto mmoja wa Nyawera aingie darasani kwa jina la mwalimu wake. Mwaka wa pili wawe wawili. Na yule wa kwanza atakapopata kazi, yeye naye aandikwe katika kitabu kati ya wanaotoa.

Dhahabu ikiuzwa haitoi nyingine. Mtoto akisoma, anasomesha wengine.

Uhuru na masomo!