Mafuta Yaliyogeuka Maji

Popote ulipo, ikiwa u jikoni ukiandaa chai au u njiani kwenda kazini, nakuomba unipe dakika chache tutafakari pamoja. Somo letu latoka katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 20, mstari wa 16. Ndiyo amri inayotuonya tusitoe ushahidi wa uongo juu ya jirani.

Labda utashangaa nikikuambia kwamba kwa amri hiyo nataka tuzungumze juu ya hisa za kampuni zinazotafuta mafuta. Nivumilie kidogo.

Siku hizi si lazima mtu awe tajiri ndipo anunue hisa. Kwa simu yake ya mkononi, karani au mwalimu aweza kununua fungu dogo la kampuni iliyoandikishwa London au Toronto. Mshiriki mmoja, mwalimu aliyestaafu, alinijia na swali: "Mchungaji, je, ni dhambi kununua hisa za namna hii? Nina kiinua mgongo changu, na rafiki yangu asema kisima kitachimbwa mwezi ujao." Nilimjibu kwamba kununua hisa si dhambi. Hata mkulima huzika mbegu kabla ya kuiona mvua. Lakini nikamwomba tuketi kwanza tuhesabu gharama, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, mlango wa 14.

Basi tuhesabu. Kampuni ndogo ya kutafuta mafuta mara nyingi haina hata pipa moja la kuuza. Ina leseni ya serikali, ina ramani za miamba, na ina fedha za wenye hisa. Wataalamu hupima miamba iliyo chini kwa mitetemo, wakaonyesha mahali ambapo huenda mafuta yamejificha. Hata hivyo hakuna ajuaye kwa hakika mpaka kisima kichimbwe, na kisima kimoja cha baharini hugharimu mamilioni mengi ya dola. Fedha zikiisha, kampuni hutoa hisa mpya, na fungu la yule aliyenunua mwanzo hupungua. Tena, mahali pasipojaribiwa bado, visima vingi havipati mafuta ya kutosha kuuzwa. Hapa kwetu Kenya vilichimbwa visima zaidi ya 30, katika muda wa nusu karne hivi, kabla ya kisima cha Ngamia 1 huko Turkana kupata mafuta mwezi wa Machi 2012.

Sasa sikiliza habari ya Visiwa vya Falkland, vilivyo kusini kabisa katika bahari ya Atlantiki. Mwaka 2010 kampuni ndogo zilizoandikishwa London zilikuwa zikichimba katika bahari ya visiwa hivyo, na watu wengi wa kipato cha kawaida huko Uingereza walikuwa wamenunua hisa zao. Mwezi wa Mei kampuni moja, Rockhopper, ilitangaza kwamba imepata mafuta, na bei ya hisa zake ikaruka juu. Hapo kila mtu akawaza, "Kama kwa jirani yamepatikana, na kwetu yatapatikana." Mwanzoni mwa Desemba kampuni nyingine, Desire Petroleum, ikatangaza kwamba dalili za kisima chake zaonyesha mafuta. Hisa zikapanda. Siku chache tu baadaye kampuni hiyo hiyo ikatangaza kwamba kile kilichomo kisimani ni maji. Hisa zikaanguka kwa kiasi cha nusu kwa siku moja.

Sisemi kwamba kampuni ile ilidanganya. Vipimo vya kwanza huweza kumpotosha hata mtaalamu. Lakini tuwatazame watu wa zile siku chache. Kila hisa iliyonunuliwa kwa bei ya juu, palikuwapo mtu aliyeiuza. Kisima hakikutoa hata pipa moja. Basi faida ya yule aliyeuza ilitoka wapi? Ilitoka mfukoni mwa jirani yake. Yule aliyevuna, alivuna shambani mwa mwenzake.

Tena, hata mafuta yakipatikana kweli, kupata mafuta ni jambo moja na kupata faida ni jambo lingine. Kampuni ya Tullow, ile iliyochimba Turkana, ni kampuni kubwa kuliko hizo nilizotaja. Mwezi wa Agosti 2019 mafuta ya kwanza ya Kenya, mapipa 200,000 yaliyosafirishwa kwa malori kutoka Turkana, yalipakiwa melini Mombasa. Mwezi huo huo Tullow ilitangaza kupata mafuta Guyana, huko Amerika ya Kusini. Watu wakafurahi. Ilipofika Novemba ikaelezwa kwamba mafuta ya Guyana ni mazito, yenye salfa nyingi, na bei ya hisa ikashuka. Tarehe 9 Desemba kampuni ikapunguza matarajio ya mapato ya visima vyake, hasa vya Ghana, ikasimamisha gawio, na mkurugenzi mkuu akajiuzulu. Siku hiyo moja hisa zilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya thamani yake. Mwaka 2025, miaka 13 baada ya shangwe za Ngamia 1, Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Naam, mafuta yalikuwapo Turkana. Lakini yule aliyekopa mwaka 2012 akitumaini utajiri wa mwaka 2013, mkopo wake haukumngojea.

Hapa ndipo ile amri inapoingia, ndugu yangu. Mtu akiisha kununua, masikio yake hubadilika. Habari njema huziita elimu, na habari mbaya huziita wivu. Kisha kinywa nacho hubadilika. Huwaambia wenzake wa chama, huwaambia wanakwaya baada ya mazoezi, "Nunueni upesi, kisima kinakaribia." Huenda aamini asemayo. Lakini pia anawahitaji wanunue, kwa sababu wengi wakinunua, bei ya hisa zake hupanda. Hakimu akimpata shahidi wa namna hiyo, jambo la kwanza ni kumuuliza, "Wewe utafaidika nini na ushahidi huu?" Sisi sokoni hatuulizani. Na mara nyingi anayesadiki upesi ni yule mwenye shida kubwa: mjane, kijana asiye na kazi, mzee mwenye kiinua mgongo ambacho hakitakuja mara ya pili.

Msikilizaji mpendwa, sikukatazi kununua. Nakupa maswali mawili uyachukue nyumbani.

Swali la kwanza: fedha hizi ni za nani? Kama ni karo ya watoto, zina mwenyewe tayari. Kama ni mkopo wa chama cha ushirika, wako wenzako waliokudhamini, na ukishindwa kulipa, mishahara yao ndiyo itakayokatwa. Kama mke wako au mume wako hajaambiwa, simama hapo hapo, usiende mbele. Fedha inayofichwa nyumbani imekwisha kuleta hasara kabla kisima hakijachimbwa. Na hata kile kilicho chako kweli, kitabu cha Mhubiri, mlango wa 11, chatushauri tukigawanye mafungu mengi, kwa kuwa hatujui mabaya yatakayotokea duniani.

Swali la pili: ukimwambia jirani, je, utamwambia yote? Mwambie kwamba wewe mwenyewe umenunua, na umenunua kiasi gani. Mwambie kwamba kisima chaweza kuwa kikavu, na kwamba anaweza kupoteza kila senti. Kama huwezi kumwambia hayo kwa kuogopa asije akakataa kununua, basi nyamaza kabisa. Heri kinywa kilichofungwa kuliko ushahidi nusu. Kwa maana jirani akipoteza fedha aweza kuzitafuta tena kwa jasho lake, lakini akipoteza imani kwa ndugu wa kanisani kwake, atairudishiwa na nani?

Bwana Yesu hakuwavuta watu kwa kuwaficha gharama. Aliyetaka kumfuata aliambiwa mapema juu ya msalaba. Na sisi tulio wake tuuze na tununue kwa ukweli huo huo, mchana kweupe.

Na tuombe. Ee Mungu, Baba yetu, uliyeziumba hazina za nchi na za bahari, utufundishe kutumaini pasipo kujidanganya. Uwalinde maskini wasinaswe na maneno matamu. Uwafariji waliopoteza akiba yao, na uwarudishe pamoja walioanza kulaumiana nyumbani kwa ajili ya fedha. Utie mlinzi vinywani mwetu tunapozungumza na jirani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.