Tini Juu ya Jipu: Mafundisho Juu ya Ugonjwa wa Sukari

Masomo: 2 Wafalme 20:1-7, Luka 17:11-19

Leo tunaanza na kosa letu.

Tulikuwa katika maombi ya kufunga siku tatu. Mama mmoja wa kikundi cha maombezi alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu miaka mingi, naye alijichoma insulini kila siku. Sisi viongozi tulijua kwamba ni mgonjwa, lakini hatukumuuliza anatumia dawa gani. Tuliwaambia wote tu: wekeni chini kila kitu munachokitegemea, mumtegemee Mungu. Yeye akaweka chini sindano. Usiku wa tatu, katikati ya kesha, akaanza kutapika na kushika tumbo, akipumua kwa nguvu na haraka kama mtu aliyepanda mlima mbio. Wengine kati yetu walisema ni pepo, nasi tukakemea. Tulikemea karibu saa nzima. Ndipo binti mmoja wa kwaya, anayesomea uuguzi, akamkaribia, akasikia pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akapaza sauti: "Baba mchungaji, hii si pepo, ni sukari! Mutafute gari!"

Tulifika hospitali kabla ya mapambazuko. Mama ni mzima leo, na ndiye aliyetuomba tuseme habari hii. Jina lake tunaliacha.

Muganga alitueleza hivi. Fufu, mkate, viazi, ndizi, mchele, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari na kuingia katika damu. Insulini, inayotoka katika kongosho, ni kama mlinzi wa lango: inafungulia sukari iingie katika mwili na kuupa nguvu. Kwa watu wengine, mara nyingi watoto na vijana, kongosho linaacha kabisa kutoa insulini. Hao wanaishi kwa sindano, na haikutokana na peremende walizokula. Kwa wengine, na ndio wengi zaidi, insulini ingalipo lakini mwili hauitii tena vizuri. Hapo ndipo unene wa tumbo, chakula na kukaa bila kutembea vinaingia sana. Na mutu anayeishi kwa sindano akiiacha, hata kama hali kitu, ini lake linaendelea kumwaga sukari katika damu. Mwili ukikosa namna ya kuitumia, unachoma mafuta yake wenyewe, na asidi inayotoka humo inatia damu sumu. Kwa hiyo mfungo haukumlinda mama yetu hata kidogo.

Sasa tufungue Wafalme wa Pili, sura ya 20. Hezekia alikuwa anakufa. Aliomba, akalia, na Mungu akasikia. Nabii Isaya akarudishwa na habari kwamba mfalme atapona na kuongezewa miaka 15. Ahadi ilikuwa imetoka tayari. Lakini Isaya anafanya nini? Anaagiza waleta tini, waziweke juu ya jipu. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyesema kwamba tini ni upungufu wa imani. Kidonge cha metformini na sindano ya insulini ni tini zetu.

Na wale wenye ukoma kumi wa Luka 17? Bwana aliwatuma wajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao katika torati ilikuwa kuchunguza ngozi na kusema kama mtu amekuwa safi. Basi, mpendwa, ukiamini kwamba umeponywa sukari, nenda ukapimwe. Endelea na dawa mpaka muganga mwenyewe aone na aseme ipunguzwe. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 126 ao zaidi, mara mbili, siku mbalimbali, ni ugonjwa wa sukari. Tangu sasa, ushuhuda wa kupona sukari hautasomwa katika redio hii bila karatasi ya kipimo. Tunajua wengine watanung'unika.

Tuje kwenye sahani. Hapa Bukavu tunapima ukarimu kwa mlima wa fufu. Mgeni akiacha fufu, mama wa nyumba anauliza kama kuna ubaya. Hatusemi muache fufu; baba zetu waliila, nasi tutaila. Lakini baba zetu walienda shamba kwa miguu na kurudi na mzigo. Gawanya sahani: nusu iwe mboga, yaani lengalenga, sombe, kabeji, robo iwe maharagi ao sambaza za ziwa letu, robo iliyobaki ndiyo ya fufu. Maharagi na mboga vinafanya sukari ipande polepole. Sombe ni nzuri, ila mafuta ya mawese yasielee juu kama ziwa. Na usidanganyike kwamba fufu haina sukari kwa sababu si tamu. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga.

Lakini adui mkubwa kuliko fufu ni kinywaji. Chupa ya sukre ya sentilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, sawa na vipande saba vya sukari ya chai. Nani angeweza kutafuna vipande saba akisikiliza mahubiri? Lakini katika ndoa tunakunywa chupa mbili, tatu, na hatuhesabu kwa sababu si pombe. Tuliacha pombe kwa ajili ya Bwana, tukaingia katika sukre kwa nguvu zote! Maji, wapendwa. Danieli na wenzake waliomba mboga na maji kwa siku kumi, na nyuso zao hazikuchakaa.

Hapa sisi wachungaji tujiangalie wenyewe. Kila nyumba tunayoitembelea inatupikia, na washirika wanafurahi kuona mchungaji amenona, wanasema ni baraka. Mishipi yetu inatuhukumu. Katika utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu zaidi ya 3,000 ambao sukari yao ilikuwa juu lakini bado hawajawa wagonjwa waligawanywa katika makundi. Waliolenga kupunguza uzito kwa sehemu 7 kati ya 100, na kufanya mazoezi kama kutembea haraka dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa asilimia 58. Waliopewa kidonge cha metformini, kwa asilimia 31. Mtu wa kilo 80, hiyo ni kilo zisizofika sita. Na dakika 150 ni nusu saa, siku tano. Ukiwa mzima wa miguu, panda Kadutu bila moto, na ubaki na franga zako mfukoni.

Juu ya kufunga, tumekata neno hili pamoja. Anayetumia insulini ao vidonge vya sukari asifunge chakula kabla ya kuuliza muganga wake. Anaweza kufunga maneno mabaya, simu, ao sukre. Mungu anaona moyo. Na mukiwa katika kesha, mutu wa sukari akaanza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kusema maneno yasiyoeleweka, inawezekana sukari yake imeshuka. Kama anaweza kumeza, mumpe maji ya sukari ao ile sukre tuliyoikemea sasa hivi, kisha mumpeleke hospitali. Kama amezimia, musimtie kitu mdomoni, mukimbie naye.

Wenye ugonjwa huu, muangalie nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Kidonda kidogo kisichosikika kinaweza kumaliza mguu. Musitembee miguu wazi, hata katika uwanja wa kanisa.

Siku ya Yenga ijayo, kabla ya ibada ya kwanza, wauguzi wa kanisa watapima sukari pale chini ya mwembe. Mje bila kula. Aliyekwisha kunywa chai yake asirudi nyumbani kwa haya. Aje tu, na aseme kweli aliweka vijiko vingapi. Wachungaji watakuwa wa kwanza katika mstari.